Simu ya Mama, Macho ya Mtoto

Leo nataka tuzungumzie simu aliyoishika mtoto wako saa hizi, maana huenda hata si yake, ni yako. Hapa kwetu Ayivu, katika jiji la Arua nchini Uganda, kuanzia Adumi mpaka Dadamu, na huko Koboko vilevile, nyumba nyingi zina simu moja tu ya intaneti. Jioni mama akishika mwiko, simu hushikwa na mtoto.

Wenye mitandao wameweka umri. WhatsApp na TikTok zote zinataka mtumiaji awe ametimiza miaka 13. TikTok imekwenda mbali zaidi: tangu Januari 2021, akaunti ya mtoto ambaye hajafika miaka 16 huanza ikiwa imefungwa, asitazamwe na kila apitaye. Ni ulinzi mzuri. Lakini ulinzi huo unafuata umri ulioandikwa kwenye akaunti, na akaunti ni ya mama mwenye miaka 38. Basi binti wa miaka 11 anahesabiwa mtu mzima. Analetewa video za watu wazima, na mwanamume asiyemjua hata kwa sura anaweza kumwandikia "mambo, mrembo" saa tatu ya usiku, mama akidhani mtoto anatazama katuni.

Shule nazo zimepiga marufuku simu, na mimi naunga mkono. Ila muhula ukiisha, mtoto wa bweni anarudi nyumbani na kiu ya miezi mitatu, na simu anayoikuta ni hiyo hiyo ya kwetu, pamoja na yote tuliyoyaweka ndani.

Na tumeweka nini? Fungua makundi yako ya WhatsApp, mzazi mwenzangu. Kundi la ukoo, kundi la soko, kundi la kusanyiko la ibada. Kuna picha ya mtu aliyekufa barabarani, damu haijakauka, imesambazwa kabla mkewe hajapata habari. Kuna ujumbe wa sauti wa mzee mmoja akiwatukana "hawa wakimbizi" kwa dakika nne. Mtoto anausikiliza wote. Kesho yake darasani, yule anayekaa naye dawati moja ni mtoto wa Sudan Kusini.

Sisi watu wa West Nile tumeona maneno ya simu yanafika wapi. Tarehe 8 Julai 2016, Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, ilikuwa imejaa hasira, wanajeshi walikuwa wamekwisha uana usiku wa kuamkia siku hiyo. Rais Salva Kiir na makamu wake wa kwanza, Riek Machar, walikuwa wamekaa ikulu wanazungumza. Msemaji wa Machar akaandika kwenye Facebook kwamba kiongozi wake amekamatwa humo ndani. Hakuwa amekamatwa. Risasi zikalia nje ya ikulu, na katika siku zilizofuata mamia ya watu wakafa. Sisemi maneno yale peke yake ndiyo yaliyoleta vita. Hasira ilikuwapo, na silaha zilikuwapo. Lakini yaliandikwa, yakasambaa, na hakuna aliyeweza kuyarudisha. Mwezi uliofuata kambi ya wakimbizi ya Bidi Bidi ikafunguliwa pale Yumbe, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa na watu zaidi ya laki mbili. Watoto waliobebwa mgongoni wakati ule ndio leo wanashika simu.

Sasa nije kwa watoto wenyewe, maana nao wanaumizana. Chukua msichana wa kidato cha pili, S2. Rafiki yake anampiga picha akiwa anatafuna, mdomo wazi. Mvulana mmoja anakata kile kichwa na kukigeuza stika ya WhatsApp. Kabla ya chakula cha jioni stika imepita kundi la darasa, ikaingia la shule jirani, na kila mtu akitaka kucheka kitu anaituma, hata wasiomjua binti. Aliyeitengeneza akijuta na kuifuta, haisaidii: kila aliyeihifadhi anayo kwenye simu yake. Binti anaanza kuumwa tumbo kila Jumatatu. Mama anampeleka kliniki, vipimo havionyeshi kitu.

Kwa nini hakusema? Hapa ndipo ninapoumia. Hakusema kwa sababu anajua jibu la nyumbani. Tutamnyang'anya simu, tutauliza kwa nini alikubali kupigwa picha, pengine na kiboko juu yake. Aliyeumizwa ndiye anayeadhibiwa. Yule anayeandikiwa na mwanamume usiku ananyamaza kwa hofu hiyo hiyo, na mwanamume anajua kwamba atanyamaza. Ananyamazishwa na sisi, kazi ya yule mtu inakuwa nyepesi.

Naomba, mtoto akikuletea simu mikono ikimtetemeka, umwambie kwanza, "Umefanya vizuri kuniambia, mwanangu." Maswali baadaye. Usifute kitu. Piga picha ya skrini, namba ya aliyetuma ionekane, halafu ndipo umzuie. Ikiwa ni mambo ya stika, nenda kwa wazazi wa yule mvulana jioni hiyo hiyo, mkae, mvulana aombe msamaha mbele ya watu wazima na awaandikie wenzake waifute. Ikiwa ni mtu mzima anayemwinda mtoto, usiende kumalizana naye kwa mbuzi. Piga 116, laini ya Sauti. Haikatwi pesa, na kazi yake ni watoto. Mweleze pia mwenyekiti wa kijiji, yaani LC1, na polisi wa kitengo cha familia na watoto.

Na leo kabla ya kulala, ingia kwenye kundi la ukoo. Ile picha ya ajali, ifute kwenye simu yako. Kwa yule mzee mwenye matusi, mwandikie kwa heshima: "Baba, simu hii wanashika watoto."