Tundu Moja kwa Simu Zote

Tangu tarehe 28 Desemba mwaka 2024, katika nchi 27 za Umoja wa Ulaya haiingizwi sokoni simu mpya ya mkononi inayochajiwa kwa waya isipokuwa tundu lake ni la aina moja iliyotajwa na sheria, yaani USB-C. Amri hiyo haikuishia kwenye simu. Inazihusu pia kamera, vipaza sauti vya kubebwa, visikilizio vya masikioni na vyombo vya michezo ya video. Nazo kompyuta za kubebwa zikapangiwa tarehe yake, 28 Aprili mwaka 2026.

Kwa anayeisikia habari hii kwa mara ya kwanza, huenda likaonekana ni jambo dogo mno la kulishughulisha Bunge zima. Hata hivyo mvutano juu ya tundu hilo uliendelea kwa zaidi ya miaka kumi, na chini yake lilikuwapo swali ambalo si dogo: nani mwenye amri juu ya kitu ambacho mwananchi amekwisha kukinunua kwa fedha yake?

Mwaka 2009 zilikuwapo Ulaya aina zaidi ya 30 za chaja. Aliyebadili simu alibadili na chaja, na ile ya zamani ikaozea kwenye droo ya meza. Halmashauri ya Ulaya haikutumia nguvu. Iliwaita wenye makampuni, nao wakatia sahihi ahadi ya hiari kwamba simu zao zitatumia tundu la micro-USB. Ni haki kusema kwamba ahadi hiyo ilizaa matunda, kwani aina zile zilipungua zikabaki tatu. Lakini ilikuwa na mlango wa nyuma. Kampuni ililoruhusiwa kutoa kipande cha kuunganishia liliweza kubaki na tundu lake lenyewe. Apple, iliyokuwa miongoni mwa waliotia sahihi, ilileta mwaka 2012 tundu jipya liitwalo Lightning, ambalo halikufanana na la mtu mwingine yeyote, na mtengenezaji wa nje aliyetaka kibali cha Apple kwa nyaya zake alilazimika kwanza kuingia katika mpango wa leseni wa kampuni hiyo. Ahadi ya hiari humfunga yule tu anayependa kufungwa.

Wabunge wa Ulaya walichoka kungoja. Januari mwaka 2020 walipiga kura 582 dhidi ya 40 kuitaka Halmashauri ilete sheria. Mswada ukaja Septemba mwaka 2021, na tarehe 4 Oktoba mwaka 2022 Bunge likaupitisha kwa kura 602, waliopinga wakiwa 13 na wasiopiga upande wowote 8.

Hoja ya Apple ilikuwa kwamba sheria ya namna hiyo inaua ubunifu, na kwamba kuliacha tundu la Lightning, lililokuwa katika vyombo zaidi ya bilioni moja, kungeongeza taka badala ya kuzipunguza. Hoja hiyo haifai kubezwa. Lau sheria ingalitungwa mwaka ule wa 2009, Ulaya ingaliweza kukwama na micro-USB, plagi inayoingia kwa upande mmja tu, ambayo mtu huigeuzageuza gizani kama aliyepoteza ufunguo. USB-C, inayoingia kwa upande wowote, ilitangazwa mwaka 2014. Ndiyo maana sheria imeipa Halmashauri uwezo wa kubadili kipimo pindi ufundi unapobadilika. Lakini hoja ya ubunifu ilikuwa na upungufu wake: Apple yenyewe ilikwisha kuitia USB-C katika kompyuta zake. Kilichokuwa kikilindwa katika simu hakikuwa ubunifu peke yake.

Septemba mwaka 2023 ikatoka iPhone 15 yenye tundu la USB-C. Haikuuzwa hivyo Ulaya tu, bali dunia nzima, kwa kuwa kutengeneza simu za namna mbili ni gharama. Kwa njia hiyo, sheria iliyopitishwa Strasbourg imefika hadi Kariakoo bila ya kupigiwa kura huko. Taifa moja peke yake lisingefanikiwa kwa wepesi. Soko la mataifa 27 lilifanikiwa.

Faida zake zisitiwe chumvi. Halmashauri ilikadiria kwamba chaja zinazotupwa au zisizotumika ni kiasi cha tani 11,000 za taka kwa mwaka, ilhali taka za kielektroniki za dunia nzima mwaka 2022 zilikuwa tani milioni 62. Tena mdomo mmoja si tumbo moja. Nyaya mbili za USB-C zaweza kulingana kwa sura, moja ikapitisha umeme wa kuendesha kompyuta na nyingine ikatosha simu tu. Na hilo mnunuzi wa waya wa bei nafuu hulijua akiwa amekwisha kufika nyumbani.

Liko pia suala la zile nyaya za zamani. Tangu tarehe 1 Januari mwaka 2025, chini ya Mkataba wa Basel, taka zote za kielektroniki, za sumu na zisizo za sumu, haziwezi kuvushwa mpaka bila ya ridhaa ya nchi inayozipokea. Maofisa wa bandari za Afrika wanayo karatasi ya kuwakatalia wenye meli, ingawa shehena iliyoandikwa «mitumba» huhitaji kufunguliwa kwanza ndipo ijulikane kama ni simu au ni takataka.

Afrika Mashariki inazo tofauti za namna hiyo zilizorithiwa kwa wakoloni. Msafiri wa kutoka Ngara anayevuka Kabanga kuingia Burundi hubeba plagi ya Kiingereza yenye meno matatu bapa, akakuta ukutani soketi ya matundu ya mviringo iliyoachwa na Wabelgiji. Waya wake wa simu sasa unaingia katika simu ya mwenyeji wake bila taabu. Kinachomshinda ni ule ukuta.