Motokaa Iliyokwisha Tumika na Mshahara wa Karani

(Maneno yaliyosomwa na mwanachama mmoja mbele ya mkutano wa mwezi wa Chama chetu.)



Mimi si fundi wa motokaa wala mfanya biashara wa motokaa. Mimi ni karani kama ninyi, na kazi yangu ni majalada na hesabu. Lakini Bwana Mwandishi aliniambia ya kuwa wanachama wengi wameomba mkopo katika chama cha akiba ili wanunue motokaa, akanitaka niwaeleze yale niliyojifunza niliponunua yangu, mema na mabaya. Basi nitasema habari za motokaa moja tu, nayo ni Toyota Probox, ile ndogo yenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu na nafasi ndefu ya mizigo. Kwa hiyo moja kila mtu ataweza kuzipima nyingine.

Yafaa kwanza niseme kwa nini jambo hili ni kubwa. Wengi wetu twamjua mwenzetu ambaye motokaa yake imesimama juu ya mawe chini ya mwembe, matairi yameondolewa na kuku wanataga ndani yake. Na kila mwisho wa mwezi mshahara wake wakatwa kwa ajili ya motokaa hiyo hiyo. Simtaji ili tumcheke, maana yaliyompata yangaliweza kunipata mimi. Kanuni yataka mtumishi abakiwe na theluthi moja ya mshahara baada ya makato yote. Theluthi hiyo ndiyo unga, kodi ya nyumba, karo na dawa. Mtu akikopa mpaka kufika ukingo wa kanuni, motokaa ataipata, lakini hatakuwa na kitu cha kuilisha. Kuipata motokaa ni siku moja. Kuitunza ni kila siku.

Sasa niieleze yenyewe. Probox ilianza kuuzwa Japani mwaka 2002, mahali pa gari la mizigo la Corolla lililotangulia. Haikuundwa kwa ajili ya fahari. Iliundwa kwa ajili ya makampuni, ili watumishi wao wapeleke bidhaa na vifaa mjini. Urefu wake wapata mita 4.2, na viti vya nyuma vikilazwa hupatikana nafasi ya karibu sentimita 180 ya kulaza mzigo. Injini inayoonekana sana kwetu ni ya lita 1.5, iitwayo 1NZ-FE, nayo haina mkanda wa taimingi wa kubadilishwa kila baada ya safari fulani, bali ina mnyororo. Injini ya jina hilo hilo imetiwa katika motokaa nyingine nyingi za Toyota, kama IST ya kwanza. Kwa sababu hiyo vipuri vyake si taabu kupatikana, na fundi wa wilayani aijua kama karani ajuavyo jalada lake.

Ziko namna mbili, na muuzaji hatakuambia. Iliyo ya mizigo ina herufi V mwishoni mwa jina lake la kiwandani, mathalan NCP51V. Iliyo ya abiria ina herufi G. Katika ile ya mizigo kiti cha nyuma ni chembamba na kimesimama wima, maana sheria ya Japani yataka gari la mizigo liwe na nafasi ya mzigo kubwa kuliko ya watu. Mtu mzima akiketi huko toka Dar es Salaam mpaka Morogoro, atashuka akishika kiuno. Tena mwaka 2014 ilibadilishwa sura na giaboksi. Zile za tangu mwaka huo zina giaboksi ya namna ya CVT, ambayo yataka mafuta yake maalum. Ukiitia mafuta ya giaboksi ya kawaida umeiua.

Kwa uwezo wa mizigo, ile ya namna ya V huandikiwa kilo 400 wakiwamo watu wawili, au kilo 250 wakiwamo watu watano. Mimi nalilipima jambo hili kwa mahindi ya mama yangu: magunia mawili ya kilo 100 pamoja na jamaa yangu yaingia, na motokaa haivunji amri. Gunia la tatu halifai, hata kama nafasi yaonekana. Tumeziona njiani zikilala kwa nyuma kama punda aliyeelemewa, na baadaye twasema motokaa hizi ni mbovu.

Ubaya wake nisiufiche. Ndani kuna kelele. Bati lake ni jepesi. Uzuri wa sura hauna. Siku niliyokuja nayo kazini mwenzangu mmoja aliniuliza mkaa nauza bei gani. Nalimjibu kwamba mkaa sina, lakini jioni akitaka kitanda chake kichukuliwe, anijulishe. Hakupita mwezi akanijulisha.

Nije katika namna ya kuipima. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kabla ya Probox nalikwenda kutazama motokaa nyingine, nyekundu, inayong'aa, herufi ya namba yake mpya kuliko zote uwanjani. Moyo wangu uliitaka mara moja. Fundi niliyekwenda naye hakufungua hata boneti. Aliketi, akaushika mkanda wa usalama, akauvuta mpaka mwisho wake kabisa. Pale mwishoni, mahali pasipofika mkono wa mwoshaji, palikuwa na mstari wa tope kavu. Motokaa ile ilikuwa imezama katika mafuriko. Tuliaga kwa adabu tukaondoka. Fundi yule nalimlipa shilingi 50,000 kwa siku ile, na sijapata kutumia fedha kwa faida kuliko hiyo.

Jambo la herufi ya namba lawadanganya wengi. Watu husema, "Hii ni namba D, ile ni namba E," kana kwamba herufi ni umri. Herufi yaonyesha wakati motokaa ilipoandikishwa hapa nchini tu. Motokaa yaweza kuwa imefanya kazi Japani miaka kumi na mitano, ikaja kwetu mwaka jana, ikapewa herufi mpya. Mwaka wa kuundwa usome katika kadi, na namba ya chesi iliyo katika kadi uilinganishe kwa macho yako na ile iliyogongwa katika chuma. Hata tarakimu moja ikitofautiana, usitoe fedha.

Saa ya kilomita nayo yaweza kurudishwa nyuma. Mimi huisoma pamoja na mashahidi wake: mpira wa kikanyagio cha breki, ngozi ya usukani, na kiti cha dereva. Saa ikisema kilomita 60,000, na kikanyagio kimelika mpaka chuma chaonekana, basi mmoja wa hao wawili ni mwongo, na kikanyagio hakina ulimi. Wala msiogope kupita kiasi Probox iliyotembea sana. Huko Japani gari dogo la mizigo hukaguliwa kwa sheria kila mwaka baada ya miaka miwili ya kwanza, na nyingi zilikuwa mali ya makampuni yenye desturi ya kumwaga oili kwa wakati wake. Iliyotembea sana kwa matunzo ni afadhali kuliko iliyotembea kidogo kwa mateso.

Nenda asubuhi, kabla haijawashwa, nawe weka mkono juu ya boneti. Ikiwa ya moto, muuzaji ameipasha ili uisikie ikiwaka vizuri. Mwambie utarudi kesho. Injini ikiwa baridi, sikiliza mlio wa mnyororo wakati wa kuwaka. Tazama moshi: wa samawati ni oili inayoungua. Fungua kifuniko cha oili. Ukiona utando kama maziwa, maji yamechanganyika na oili. Fungua rejeta utazame rangi ya maji. Kisha iendeshe, na mahali palipo salama tazama kama yakimbilia upande mmoja. Mwisho, tazama kwa namba yake kama ina deni la faini za barabarani, andikeni mkataba mbele ya wakili, na jina libadilishwe katika Mamlaka ya Mapato bila kukawia.

Nimesema, fungua rejeta. Hapo ndipo nilipokosa mimi. Muuzaji alikuwa na haraka, jua lilikuwa kali, nami naliona haya kuendelea kumchelewesha mtu mzima, fundi aliniuliza, "Na rejeta je?" nami nikasema, "Basi, yatosha." Wiki tatu baadaye nalikuwa katika njia ya Morogoro, mama yangu ameketi nyuma, na kabla ya kufika Chalinze taa nyekundu ya joto iliwaka. Namshukuru Mungu kwamba nalisimama pale pale nikazima, maana kama ningaliendelea kichwa cha injini kingalipinda. Rejeta ilikuwa imejaa kutu. Mwenyewe wa kwanza alikuwa akiitia maji ya kisima miaka yote. Mama aliketi chini ya mti kwa saa tano, wala hakunilaumu hata kwa neno moja, jambo lililoniumiza zaidi. Haya ya dakika mbili ilinigharimu shilingi 280,000.

Sasa hesabu, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Bei ilikuwa shilingi milioni 11. Nalikuwa na akiba ya milioni 5, nikakopa milioni 6, nami nalipa 200,000 kila mwezi kwa miezi 36, yaani milioni 7 na 200,000. Matairi mawili na bushi zilichukua 360,000, na rejeta ile 280,000. Basi motokaa ya milioni 11 kwa kweli ni ya shilingi 12,840,000. Bei anayoitaja muuzaji siyo bei.

Na kwa mwezi? Toka nyumbani mpaka kazini ni kilomita 18. Kwenda na kurudi kwa siku 22 ni kilomita 792. Katika msongamano wa mjini naipata kilomita 11 kwa lita moja. Nalipima mwenyewe, kwa kujaza tangi mpaka juu mara mbili na kugawanya. Basi ni lita 72, nazo kwa shilingi 3,000 ni 216,000. Kila mwezi naweka 100,000 kwa ajili ya bima, oili, matairi na matengenezo. Pamoja na mkopo ni 516,000.

Upande wa pili wa daftari: nauli yangu ya daladala ilikuwa 52,800 kwa mwezi, na ya mke wangu, ambaye kazini kwake ni njia hiyo hiyo, kiasi hicho hicho. Gari la shule kwa watoto wawili lilikuwa 100,000. Jumla ni 205,600. Basi, mabwana, motokaa hainipunguzii gharama. Yanitoa shilingi 310,400 kila mwezi zaidi ya zamani, na mtu akikuambia kwamba motokaa italipa deni lake kwa nauli utakazookoa, mwombe akuonyeshe daftari.

Kwa nini basi nimeinunua? Kwa sababu mimi na mke wangu tuliitazama hesabu hiyo usiku mmoja, tukaona twaweza kuibeba kwa mishahara miwili bila kugusa karo. Tena kuna mambo yasiyoandikwa katika daftari. Mtoto wetu wa pili alishikwa na pumu saa nane ya usiku mwezi wa tatu, na hatukusimama barabarani kungoja. Lakini miaka sita iliyopita, nilipokuwa mwanzo wa ngazi ya mshahara na peke yangu, motokaa hii hii ingaliniangusha, nami leo ningalikuwa na kuku wanaotaga ndani yake.

Basi nawasihi wenzangu wenye maombi mezani pa Bwana Mweka Hazina. Kwa miezi mitatu kabla ya kukopa, kila mwezi tengeni fedha zote ambazo motokaa itazitaka: mkopo, petroli na matengenezo. Ziwekeni kando, msiziguse. Mkiishi miezi hiyo mitatu bila kukopa unga dukani, nunueni, na Probox itawafaa kuliko nyingi zinazong'aa. Mkishindwa, hamkupoteza kitu. Mtakuwa na akiba ya miezi mitatu, na daladala bado ipo.

Fundi wangu yuko tayari kwenda pamoja na mwanachama ye yote siku ya Jumamosi kwa malipo yale yale. Na atakapouliza, "Na rejeta je?" tafadhali msione haya.