Machicha na Chupa za Vinywaji ni Mali



Mazungumzo juu ya taka za viwanda vya vinywaji yafaa yaanzie kilabuni. Wapika komoni wa Iringa na Mbeya hawakumngoja mtaalamu awaambie kwamba machicha ni chakula cha nguruwe na kuku. Mgema wa ulanzi naye hukinga kwa mbeta, ambayo ni kipande cha mwanzi. Ikichakaa huozea shambani au hutiwa motoni, na habari zake huishia hapo.

Kiwanda kikubwa hufanya kazi ile ile kwa kipimo kingine. Mbeya imekuwa na kiwanda cha bia tangu mwaka 2009. Kwa kawaida ya kazi hiyo, kila lita 100 za bia huacha kilo zipatazo 20 za machicha mabichi. Wanga wa nafaka umegeuka sukari na kuingia katika bia, lakini protini kwa sehemu kubwa imebaki katika machicha, hata ikafikia yapata sehemu moja katika tano za uzito wake yakikaushwa. Kwa ng'ombe wa maziwa, wale wa Rungwe kwa mfano, hicho ni chakula cha kutamaniwa, kikichanganywa na majani na pumba.

Tatizo ni maji. Zaidi ya robo tatu ya uzito wa machicha mabichi ni maji, kwa hiyo ni ghali kuyasafirisha, nayo huharibika baada ya siku chache. Mwenye lori hufaidika. Mama mwenye ng'ombe wawili hana lori, na hapo ndipo penye haki ya kuzungumzwa. Wafugaji wadogo wakijiunga katika ushirika wanaweza kukodi gari moja, kisha wakayashindilia machicha shimoni au katika mapipa yaliyozibwa yasiingize hewa, yakadumu kwa wiki nyingi. Kazi ya kuwaonyesha namna hiyo ni ya maofisa ugani, na haihitaji fedha za kigeni. Machicha yasiyochukuliwa, yakifika mtoni, huozeshwa na vijidudu vinavyomaliza oksijeni ya maji, na samaki hufa.

Chupa ya kioo ina habari njema zaidi. Hurudi kiwandani kwa sababu mnywaji ameacha dhamana, na huweza kujazwa tena zaidi ya mara ishirini. Lakini isidhaniwe kwamba hurudi bure: huoshwa kwa maji ya moto na magadi makali, na maji hayo lazima yasafishwe kabla ya kumwagwa. Yale ya suuzo la mwisho, ambayo ni masafi kiasi, yanafaa kuoshea kreti.

Sasa mtazameni abiria yule yule ambaye nyumbani hulinda kreti yake kama mboni ya jicho. Akipita mlima Kitonga, huirusha chupa ya plastiki dirishani. Wengi husema amekosa ustaarabu. Mimi nasema amekosa dhamana, kwa kuwa chupa ile ikishakuwa tupu haina thamani kwake. Ndivyo ilivyokuwa kwa viroba vya pombe kali, hata Serikali ikavipiga marufuku tangu tarehe 1 Machi, 2017. Kupiga marufuku ni dawa ya mwisho. Ujerumani ilianza mwaka 2003 kutoza dhamana hata kwa chupa na makopo yasiyojazwa tena, na mnunuzi hurudishiwa fedha yake akiyapeleka dukani.

Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatambua kwamba anayechafua ndiye anayepaswa kulipa. Dhamana ya chupa ya plastiki ingeupa msingi huo mikono na miguu. Muokota chupa, ambaye hulipwa kwa uzito wa kitu chepesi kama unyoya, naye angepata ujira wa maana. Wenye viwanda watalalamika kwamba bei itapanda. Ni kweli itapanda kidogo, kwa yule asiyerudisha.

Wakati hilo linasubiriwa, Ndugu Mwenyekiti, halmashauri na shule zinaweza kuanza na mikutano yao zenyewe. Naomba mkutano wetu ujao uagize soda kwa kreti, na maji ya kunywa yawekwe katika majagi.