Kuunga Sentensi Fupi za Kiingereza



Tuseme kijana wa Marangu anamwandikia karani wa chama cha kahawa kwa niaba ya baba yake: “My father dries our coffee. He was ill. The coffee was wet. You refused it.” Mwalimu hapati kosa hata moja. Lakini karani asomaye hajui kama mzee anatoa udhuru, analalamika, au anatoa habari tu. Sababu imo kichwani mwa kijana, haimo katika karatasi. Na fedha za mwaka mzima zinangoja jibu la karatasi hiyo. Sasa tuziunge: “You refused our coffee because it was wet, and it was wet because my father, who dries it, was ill.” Sentensi nne zimekuwa moja, na udhuru umeonekana.

Katika Kiswahili kazi hii hufanywa mara nyingi ndani ya kitenzi chenyewe: aliyeugua, alipougua, akiugua. Kiingereza huweka neno mbali, peke yake: who, when, if. Hapo ndipo tunapojikwaa. Kwa kuwa sisi husema “mtu niliyemwona”, tukitia -m- ya yule mtu, mwanafunzi huandika “the man whom I saw him”. Hiyo him ifutwe, maana whom imekwisha kufanya kazi yake. Kadhalika sisi husema “ingawa mvua ilinyesha, lakini tulikwenda”. Mwingereza huchukua although au but, hazichukui zote mbili.

Tena angalieni ni jambo gani mnalolifanya kuwa kubwa. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliona theluji ya Kilimanjaro, na wataalamu wengine wa Ulaya wakakataa kusadiki. Mkiandika, “Although Rebmann saw the snow, some learned men did not believe him”, msomaji hubaki na wale wataalamu. Geuzeni: “Although some learned men did not believe him, Rebmann saw the snow.” Sasa hubaki na theluji. Mambo ni yale yale. Kilichogeuka ni pale mlipoweka although.

Lakini msiunge kila kitu. Mimi sipendi sentensi ndefu kama gari la moshi litokalo Tanga, behewa juu ya behewa, hata msomaji amesahau kichwa chake kilipo. Mambo yasiyohusiana yaacheni mbalimbali.

Zoezi la leo ni hili, andikeni polepole: “Hans Meyer was a German. He reached the top of Kilimanjaro. It was 1889. Ludwig Purtscheller was with him.” Ziungeni kuwa moja, kisha msomeeni mtu asiyeijua habari hii, mkamwulize ni nani waliofika kileleni. Akimtaja Meyer peke yake, andikeni tena.