Mteja Anaposema Bunduki Imefyatuka Yenyewe: Huduma kwa Wateja katika Viwanda vya Bunduki



Tukizungumzia huduma kwa wateja, mara nyingi tunaishia kwenye simu kupokelewa mapema, lugha nzuri na barua kujibiwa kwa wakati. Nimechagua biashara ambamo hayo yote yanaweza kuwapo na mteja bado akaangamia: utengenezaji wa bunduki za kuwindia nchini Marekani.

Tuanze na sheria. Marekani ina tume ya usalama wa bidhaa za walaji, iliyoundwa mwaka 1972. Tume hiyo inaweza kushinikiza jiko la umeme au kitanda cha mtoto kiondolewe sokoni. Bunduki zimewekwa nje ya mamlaka yake. Hakuna ofisi ya serikali kuu yenye uwezo wa kumwamuru mtengenezaji azirudishe kiwandani bunduki zenye kasoro. Maana yake ni kwamba mtu anayepokea simu ya mteja pale kiwandani ndiye kinga ya kwanza, na baada yake kuna mahakama tu.

Chukueni mfano wa kampuni ya Remington, iliyoanza mwaka 1816 katika jimbo la New York. Bunduki yake ya Model 700, iliyotoka mwaka 1962, ilipendwa mno na wawindaji, na kwa miongo kadhaa ilitumia mtambo wa kufyatulia uliobuniwa na mhandisi Mike Walker. Ndani ya mtambo huo mna kipande kidogo cha chuma kilichoegemea kifyatulio, kikishikiliwa na springi. Kila risasi ikipigwa, kipande hicho hujitenga na kifyatulio, kisha hurudi. Uchafu kidogo au mafuta yaliyoganda yakiingia kwenye mwanya huo, kinaweza kisirudi mahali pake sawasawa. Hapo bunduki inaweza kufyatuka mtu anapoondoa kizuizi cha usalama, bila kidole kugusa kifyatulio. Zaidi ya hapo, bunduki zilizotengenezwa kabla ya 1982 zilimlazimu mwenyewe aondoe kizuizi hicho ndipo aweze kutoa risasi zilizomo. Yaani mtu aliyekuwa anamaliza kuwinda, anataka kuifanya bunduki yake iwe salama, ndiye aliyekuwa hatarini.

Walker mwenyewe alipendekeza marekebisho mapema, mwaka 1948, mtambo huo ukiwa bado kwenye bunduki zilizotangulia Model 700. Gharama yake ilikuwa senti 5 na nusu kwa kila bunduki. Pendekezo halikutekelezwa. Malalamiko yakaja kwa maelfu, na watu wakafa. Kampuni ilishikilia msimamo wake kwamba bunduki ni salama, na kwamba ajali zilitokana na matunzo mabaya, mtambo kuchezewa au kanuni za usalama kuvunjwa. Ni kweli kwamba watu hukosea, na si kila anayelalamika ana haki. Lakini watu wasiojuana, kutoka majimbo mbalimbali, wanapoeleza jambo lile lile, kuwajibu kila mmoja peke yake kwamba kosa ni lake ni kuwanyima ukweli.

Mwaka 2017 mahakama iliidhinisha suluhu ya kesi ya wateja dhidi ya Remington, iliyogusa bunduki zipatazo milioni 7.5. Wengi waliahidiwa mtambo mpya bila malipo. Wenye baadhi ya matoleo ya zamani walipewa hati ya dola 10 tu. Hadi wakati wa idhini hiyo, madai yaliyokuwa yamewasilishwa hayakufikia asilimia 1 ya bunduki hizo. Wengine walikuwa wamekwisha kuuza bunduki zao au kuwarithisha watoto. Ukichelewa kumwambia mteja, baadaye humpati tena.

Linganisheni na kampuni ya Ruger, iliyoanzishwa mwaka 1949 Connecticut. Bastola zake za mtindo wa kale, zilizotengenezwa hadi mwaka 1972, zingeweza kufyatuka zikidondoka iwapo nyundo imelala juu ya risasi. Mwaka 1973 ilitoa muundo mpya wenye kinga, na kuanzia 1982 ikatangaza kwamba mwenye bastola ya zamani aitume kiwandani ifungiwe vifaa vipya bure, hata kama si yeye aliyeinunua dukani. Isitoshe, vifaa vya zamani vilivyofunguliwa hurudishwa kwa mwenyewe, kwa sababu wapo wanaothamini bastola kamili kama ilivyotoka kiwandani. Hilo la mwisho linanigusa sana. Kiwanda kimefikiria kinachoweza kumfanya mteja asite, kikakiondoa. Na kampuni hiyo haina hata kawaida ya kuweka karatasi ya dhamana kwenye boksi la bunduki mpya.

Ndugu washiriki, wengi wenu mko kwenye viwanda vya mitungi ya gesi, vipuri vya pikipiki na dawa. Naomba mkirudi kazini mpitie daftari la malalamiko. Tafuteni lalamiko moja lililoandikwa na watu watatu wasiojuana, mkalipeleke kwa mhandisi kabla halijafika kwa mwanasheria. Na bidhaa iliyorudishwa ipokeeni kama ilivyo, pamoja na uchafu wake, kwa maana fundi akiisafisha kwanza, amefuta ushahidi.