Picha zisizo na majina



Juma hili nitazungumza juu ya mkasi, gundi na boksi la sabuni. Najua wapo watakaosema kwamba mtangazaji huyu ameishiwa na mambo, bei za vyakula na foleni za barabarani amezimaliza, sasa anatufundisha kazi za mikono za darasa la nne. Nivumilieni kidogo. Jambo lenyewe lilianzia msibani.

Baba yangu alifariki mwaka 2019, nyumbani kwetu Tanga. Siku ya pili ya msiba mjomba akauliza: picha ya marehemu ya kutangulia mbele ya jeneza iko wapi? Tukatazamana. Tuko watoto sita, kila mmoja ana simu, na ndani ya simu hizo mna maelfu ya picha. Tulikuwa na picha za harusi za watu tusiowakumbuka, picha za sahani za wali, picha za risiti. Za baba tulipata mbili: moja amegeuka akifukuza kuku, nyingine ni ile ya kitambulisho, ambayo kila Mtanzania anajua inavyomfanya mtu aonekane kama ametoka kukamatwa.

Mama akainama akatoa albamu nne kutoka uvunguni. Wenye umri wangu mnazikumbuka albamu hizo za miaka ya themanini: kurasa nene zenye mistari ya gundi, na juu yake karatasi ya nailoni unayoifunua kwa sauti ya kuchanika. Tulizihesabu kuwa maendeleo makubwa, maana hazikuhitaji kubandika kitu. Humo ndimo alimokuwa baba, mwaka 1974, kijana, amevaa bugaluu na raizoni, nywele zimesimama, nyuma yake pazia la studio lililochorwa meli. Ile ndiyo picha tuliyoitaka. Nikaishika kona, nikavuta. Gundi ya miaka thelathini na kitu haikukubali. Nusu ya uso wa baba ilikuja mkononi, nusu ikabaki kwenye ukurasa.

Sikuwahi kulisema jambo hili hewani. Tulimzika baba kwa picha ya kitambulisho, imekuzwa, na mimi nilitembea nyuma yake nikijua kosa ni langu.

Basi nikajifunza, baada ya kuharibu. Picha iliyonasa haivutwi. Kwanza unaipiga picha kwa simu hapo hapo ilipo, ili hata likitokea la kutokea ubaki na kitu. Kisha unachukua uzi mwembamba, ule wa kusafishia meno usiopakwa nta ni mzuri zaidi, unaupitisha chini ya picha na kuukokota taratibu kulia na kushoto kama mtu anayekata sabuni ya mche. Ikigoma, iache. Kata ukurasa mzima uihifadhi pamoja na ukurasa wake. Gundi ile na nailoni ile, kwa joto na unyevu wa pwani yetu, huendelea kuigeuza picha rangi ya manjano kila mwaka inaokaa humo.

Kubandika kumbukumbu kitabuni si jambo geni duniani. Mwandishi Mwamerika Mark Twain, aliyejulikana kwa vitabu vyake vya kuchekesha, mwaka 1873 alipewa hataza ya kitabu cha kubandikia ambacho kurasa zake zilikwisha kupakwa gundi. Unalowesha tu na kubandika. Kwetu huku nako mkasi na picha ni jamaa wa siku nyingi. Zanzibar, Mji Mkongwe, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na watu wa tabaka zote walipita mbele ya kamera yake. Picha ya studio haikuwa mchezo. Mtu alioga, akaazima saa, akapaka mafuta, akasimama wima, kisha akangoja siku kadhaa picha isafishwe. Nyuma yake akaandika: ukumbusho wa fulani, kwa fulani, tarehe fulani. Leo tunapiga picha arobaini kabla chai haijapoa, wala hakuna hata moja yenye mgongo wa kuandikia.

Nirudi kwenye boksi la sabuni. Mwezi Machi 2025 mama alikuja Dar es Salaam kwa matibabu. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alikuwa anatuona kama tuko nyuma ya pazia la mvua. Akapangiwa kufanyiwa upasuaji baada ya wiki tano, jicho moja kwanza. Alikuja na begi la nguo na zile albamu nne. Usiku wa kwanza akaniambia, “Baba, hizi nimekuletea. Mimi sizioni tena vizuri, na huko nyumbani hakuna anayewajua hawa.”

Binti yangu ana miaka kumi na mitatu. Akafungua moja, akauliza, “Bibi, huyu nani?” Mama akaisogeza picha karibu na taa, akaigeuza, akaipeleka dirishani. “Ana gauni la rangi gani?” Picha ni ya nyeusi na nyeupe. “Ana pengo?” Hana. “Amesimama mkono gani wa baba yako?” Kulia. Mama akanyamaza, kisha akasema, “Basi huyo atakuwa shangazi yake baba yako, yule wa Muheza.” Atakuwa. Nililisikia neno hilo nikaelewa nilichokuwa nimekikalia kwa miaka sita. Kuokoa picha kwa uzi ni nusu tu ya kazi. Picha ya mtu asiyejulikana jina, ukiipeleka mjini katika duka la vitu vya kale, ni karatasi tu.

Tukaanza kazi, sisi watatu, kila jioni baada ya chakula. Hatukutaka albamu kubwa ya kulala uvunguni. Tulitaka vijialbamu, kila kimoja cha mtu mmoja au jambo moja: cha Baba, cha Harusi, cha Bibi wa Muheza, cha Watoto. Kitu cha kushikwa kwa mikono miwili na mtu aliyekaa kitini.

Nitawaeleza tulivyofanya, maana ni rahisi na gharama yake haifiki ya kuku wa kukaanga. Unanunua karatasi ya manila, ile kubwa ya ukubwa wa A1. Unaikata kwa urefu vipande vitatu vya upana wa sentimeta 18. Kila kipande kina urefu wa sentimeta 84. Unakikunja kila baada ya sentimeta 14, mkunjo mmoja mbele, mmoja nyuma, kama bati la paa. Unapata kurasa sita. Ukiunga vipande viwili kwa kubandika ukurasa wa mwisho wa kimoja juu ya ukurasa wa kwanza wa kingine, unapata kumi na moja. Jalada ni boksi la sabuni, vipande viwili vya sentimeta 15 kwa 19, vilivyovikwa kitambaa. Ukurasa wa kwanza unabandikwa kwenye jalada la mbele, wa mwisho kwenye la nyuma. Weka chini ya kamusi au jiwe la kusagia usiku kucha. Asubuhi kinafunguka chote kwa mkupuo, unaweza kukisimamisha mezani kikajitegemea.

Gundi nasi tulikosana. Mimi, kwa ubahili, nilipika gundi ya unga wa ngano kama tulivyofanya shuleni. Ilishika vizuri sana. Siku ya tatu mende walikuwa wamekula kona ya albamu ya Harusi. Tukahamia gundi nyeupe ya seremala, iliyopakwa nyembamba, na kwa majalada tu. Picha zenyewe hazikupakwa gundi hata tone. Unachana ukurasa kwa wembe mistari minne midogo ya mshazari, kona za picha zinaingia humo, basi. Siku ukitaka kuitoa, unaitoa bila kumpasua mtu uso. Selotepu msiiguse, hukauka, hubanduka, huacha doa la rangi ya chai. Na enyi wenzangu wa magazeti, mnisamehe: kipande cha gazeti kisilale uso kwa uso na picha. Karatasi ya gazeti ina asidi, inageuka kahawia na kuichafua jirani yake. Kipige picha, au kitengee ukurasa wake.

Ugomvi mkubwa ulikuwa wa kitambaa. Mama alitaka albamu ya bibi ivishwe kanga ya bibi mwenyewe, ambayo ilibaki moja, imechakaa. Mimi nikasema kanga ya marehemu haikatwi. Mama akasema kanga inayooza sandukuni imekwisha kukatwa na nondo. Akamwambia mjukuu ashike mkasi. Maneno ya kanga yalikatika katikati. Herufi nne za mwisho ziko kwenye jalada la mbele, na kila mgeni anauliza zilikuwa zinasemaje.

Majina tuliandika kwa penseli, pembeni mwa picha, kwenye manila. Penseli haichuji kwa unyevu kama wino wa kalamu, wala haipenyi upande wa pili. Mama anasema, mjukuu anaandika: jina, ni nani kwa nani, mahali, mwaka kama unajulikana. Picha za simu nazo tulichagua kumi na mbili kati ya maelfu, tukazipeleka kusafishwa. Niseme ukweli, kuchagua zile kumi na mbili kulikuwa kugumu kuliko yote mengine.

Ikabaki mahali pa kuziweka. Sebule zetu nyingi zina kabati la vyombo, lenye kioo, na ndani yake glasi ambazo hazijawahi kunywewa maji tangu harusi. Marehemu wetu wako uvunguni na glasi ziko kwenye kioo. Sijui nani alitupangia hivyo. Nikaenda Keko kwa mafundi seremala, nikanunua mabaki ya mbao za mninga, fundi akanipigia rafu ndogo: mbao tatu, kina sentimeta 12, na ukingo mwembamba mbele ili albamu zisimame zikitazama watu badala ya kuonyesha migongo. Binti yangu akaipiga msasa, akapaka vanishi, akagundisha simbi pembeni. Simbi nyingi mno kwa maoni yangu, lakini sikuulizwa. Mama akatandika vitambaa vyake vya kufuma, alivyovifuma kwa kupapasa, maana vidole vyake havihitaji macho. Rafu tuliitundika ukuta wa ndani, mbali na dirisha na jiko. Jua hula rangi ya picha, na ukuta wa nje hutoa jasho wakati wa masika.

Pale kwenye ukumbi wageni hawaulizi tena nywila ya intaneti wakiingia. Wanachukua albamu. Jirani mmoja, mzee, alishika ile ya Baba akakuta picha ya timu ya mpira ya shamba la mkonge, akaanza kuwataja wachezaji mmoja mmoja. Alikuwa amecheza dhidi yao. Tulikuwa tumekaa jirani miaka tisa.

Mama akafanyiwa upasuaji wa jicho la kulia mwezi Aprili. Walipomfungua bandeji, jambo la kwanza alilosema ni kwamba nimezeeka. Jioni yake akaomba albamu. Akafungua ya Bibi wa Muheza, akaitazama ile picha ya dirishani kwa muda mrefu, akacheka hadi akashika ubavu. “Huyu si shangazi! Huyu ni yule aliyekuwa aolewe na baba yako kabla yangu.” Akamgeukia mjukuu: “Mama, lete kifutio.”

Majina manne yalibadilika usiku ule. Moja likashindikana. Ni kijana aliyesimama na baba katika ile picha ya bugaluu, iliyochanika. Uso wake umebaki mzima, mkono wake uko begani kwa baba, na saa aliyovaa baba, mama ana hakika, ilikuwa ya kijana huyo. Nikasema tuandike “rafiki”. Mama akakataa.

“Acha nafasi,” akasema. “Kuna mzee mmoja Korogwe walikuwa wakifanya kazi pamoja. Yeye atamjua, kama bado yupo.”

Nimepiga simu. Yupo, anakaribia miaka tisini, na masikio yake ni mazito kiasi kwamba hatukuelewana. Jumamosi tunapanda basi, mama, binti yangu na mimi, na albamu tumeifunga ndani ya mfuko wa unga usipenye maji.