Makazi ya Magurudumu Mbele ya Sheria

Katika nchi ya Marekani, ambako kodi ya nyumba imewalemea wengi wenye pato haba, wako waliohamia katika nyumba ndogo zilizojengwa juu ya magurudumu, ama katika magari ya safari yenye kitanda na jiko, wakayafanya kuwa maskani yao ya daima. Lakini kwa kuwa sheria za miji mingi huyahesabu makazi hayo kuwa vyombo vya safari wala si nyumba, mkaazi wake huishi na hofu ya kuamriwa kuondoka.

Mji wa Portland, katika jimbo la Oregon, uliikabili kadhia hii mwaka 2021, ukaruhusu chombo kimoja cha namna hiyo kikae katika kiwanja chenye nyumba, kwa sharti kwamba chenye choo na mabomba ndani kiunganishwe na bomba la maji machafu, na kisicho navyo, mkaazi wake apewe ruhusa ya kutumia choo cha nyumba iliyopo. Naliona sharti hili kuwa la insafu, maana maradhi yatokanayo na uchafu hayamwachi jirani.

Linalonihuzunisha ni hali ya anayemiliki chombo ilhali ardhi ni ya mwingine, kwani akifukuzwa hana budi kugharimia uhamisho na kutafuta upya mahali pa kuegesha. Kwa hiyo, kabla hajaingia, adai mkataba wa maandishi unaotaja kodi, maji, umeme na muda wa ilani.